Mara Niko Stesheni, Mara Niko Ziwani

Usiku wa kuamkia leo niliota ndoto iliyonichukua kitandani Ujiji, ikanipeleka stesheni ya Tabora, ikanipandisha treni iliyokuwa meli, kisha ikanirudisha pale pale iliponitoa. Nimeandika sentensi hiyo na papo hapo nimeliona kosa lake. Ni sentensi safi kisarufi, na mwanafunzi wangu akiniletea nitampa alama zote. Lakini kila "ka" iliyomo ndani yake inadai kwamba kulikuwa na jambo la kwanza, likazaa la pili, na la pili likazaa la tatu, ilhali katika ndoto yenyewe hakikuwapo kitu cha namna hiyo. Sikusafiri kutoka Tabora kwenda ziwani. Tabora ilikuwa na ziwa.

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya mji huu, na "ka" ya masimulizi ni mada ninayoifundisha kwa furaha kila mwaka. Huwaambia wanafunzi kwamba hiyo ndiyo kamba inayofunga visa pamoja: alifika, akagonga mlango, akakaribishwa, akaketi. Kamba ikikatika, kuni hutawanyika. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikiwakata alama wale wanaoandika insha kama wanavyosimuliana uani: "mara naona mtu, mara nakimbia, mara niko kwetu." Pembeni mwa daftari huandika kwa kalamu nyekundu, "Hiki ni Kiswahili cha mazungumzo." Nimekuwa nikijiuliza tangu asubuhi ni wangapi kati yao walikuwa wanasimulia ndoto.

Sasa ni saa nane mchana na nusu ya ndoto imeshaondoka. Ninaandika kilichobaki kabla hakijafuata wenzake, na nitajitahidi kutenganisha yale niliyoyaota na yale niliyoyaongeza baadaye, kazi ambayo imekuwa ngumu kuliko nilivyodhani.

Kwanza jana yenyewe, maana mambo mengi ya usiku yalitoka humo. Nilikwenda Kibirizi alasiri kununua dagaa wa kuwapelekea ndugu zetu wa Tabora. Kwa asiyeufahamu mji wetu, Kibirizi ni mwalo ulio kaskazini mwa stesheni ya Kigoma, mahali ambapo maboti ya mbao hupakia abiria wa vijiji vya mwambao na watalii wa kwenda Gombe, na ambapo harufu ya dagaa waliokauka humpokea mgeni kabla hajaona maji. Ziwa Tanganyika limepanda sana miaka hii ya karibuni. Mahali nilipozoea kununulia samaki sasa ni maji matupu, na nguzo za kibanda kimoja zimebaki zimesimama ndani yake kama watu wanaooga kwa aibu, wametoa vichwa tu. Nilimpata mama mmoja mwenye dagaa wazuri, wasio na mchanga, lakini akakosa chenji ya noti yangu ya shilingi 10,000, tukazunguka naye na ile noti kwa wauzaji watatu mpaka tukaipata. Lilikuwa jambo dogo la kawaida la sokoni, na nisingelitaja kama si yaliyotokea baadaye.

Usiku tulikula ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Ninaishi na mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, katika nyumba yake ya hapa Ujiji, na chumbani mwangu nalala na mjukuu wake wa miaka tisa ambaye ni binti ya kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Baada ya kula nilisahihisha insha mpaka saa nne. Nilipotoka kunawa uso niliona taa ziwani. Hizi ni siku za giza la mwezi, na siku za giza ndizo za wavuvi, kwa sababu taa haiwezi kumvuta dagaa wakati mwezi unawaka kwa ajili ya ziwa zima. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika na nyavu hutengenezwa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri na mwanga wake ni mweupe zaidi, lakini bado ukisimama nchi kavu unaona kama mji mwingine umejengwa juu ya maji, mji usio na barabara, ambao kesho asubuhi hautakuwapo.

Nililala nikiwa na hayo yote kichwani. Na sasa ndoto, kwa lugha yake yenyewe, bila kamba.

Mara niko stesheni ya Tabora. Sikumbuki kufika, wala sidhani kwamba nilifika. Nipo tu, kama mtu aliyekuwapo tangu zamani. Ni stesheni ile ile ninayoijua tangu utoto, kwa kuwa baba alikuwa mtumishi wa reli na sisi tulikulia katika kota zao, ila pale abiria wanapongojea treni pamejaa madawati, na wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne wameketi wakifanya mtihani. Mimi ndiye msimamizi. Karatasi zimelowa. Hakuna anayelalamika, wanaandika juu ya karatasi zinazochuruzika maji na wino hausambai. Kinachonitia wasiwasi ni kimoja tu, kwamba sijui ni mtihani wa somo gani, na ninaona haya kumwuliza mtu.

Maji yako chini ya miembe. Hayakufurika wala hayatoki mahali. Yapo, yametulia, na mbele yake naona taa za wavuvi. Sharti nieleze kwamba Tabora haina ziwa. Ni mji wa miembe, asali na vumbi, ulio takriban kilomita 400 kwa reli kutoka hapa, na katika utoto wetu ndoo moja ya maji ilikuwa na habari ndefu. Lakini katika ndoto sikushangaa hata kidogo. Nilichowaza ni kwamba wale wanafunzi wa nyuma hawataona vizuri taa zikizimwa.

Mara ni ndani ya behewa la daraja la tatu. Nasikia magurudumu yakigonga maungio ya reli, ule mdundo ambao mtoto wa kota za reli hausahau hata akizeeka, na nje ya dirisha mitumbwi inakuja ubavuni, wanawake wanainua mabeseni ya dagaa na kuwauzia abiria kwa kelele, kama ilivyokuwa ikitokea meli ya Liemba inaposimama mbele ya vijiji visivyo na gati. Mmoja wa wanawake hao ni yule mama wa Kibirizi. Uso ni wake, kitenge ni chake. Lakini ninajua kwamba ni mama mkubwa. Sikudanganyika na kumdhania. Nilijua kwamba uso ni wa yule na mtu ni huyu, na mambo hayo mawili hayakugombana.

Mara ni baba. Yuko nje, mahali reli zinapoachana, ameshika taa yake ya mkono yenye kioo chekundu na kioo cha kijani. Kazi yake Tabora ilikuwa ni kugeuza njia za treni, na Tabora ndiko njia hiyo inakoachana, moja ikielekea Mwanza na nyingine ikija huku kwetu. Alifariki dunia mwaka 2009. Katika ndoto najua kwamba amefariki, najua kama ninavyojua kwamba leo ni Jumapili, lakini habari hiyo haina uzito wowote, haiumi. Ni kijana kuliko mimi. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiona kwa uwazi kuliko zote: shingo yake, kijana, bila ile mikunjo. Treni inapita kati yetu, au meli, na taa yake iko upande huu na upande ule kwa wakati mmoja.

Mara kuna sauti. Ni tangazo la kuondoka kwa chombo, linatoka juu ya bati la stesheni, refu, na kila mtu anasimama isipokuwa mimi, kwa sababu sijakusanya karatasi. Baba anasema kitu. Sauti inazidi. Ilikuwa adhana ya alfajiri.

Hayo ndiyo niliyo na uhakika nayo, au niseme, ndiyo niliyo nayo.

Kuhusu adhana sina wasiwasi. Karne ya 19 alikuwapo Mfaransa mmoja, Alfred Maury, aliyejichunguza ndoto zake kwa bidii ya ajabu, na ndoto yake inayotajwa zaidi ni ile aliyoota kwamba amehukumiwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, akapelekwa mbele ya umati na kukatwa kichwa. Alipozinduka alikuta kipande cha kitanda kimemwangukia shingoni. Ndoto ilikuwa ndefu na kipande kilianguka mara moja tu. Basi ama akili ilitunga hukumu, umati na safari yote kwa kupepesa jicho, ama ilikuwa tayari inaota jambo lake na pigo la shingoni likapewa nafasi humo, kama mgeni aliyefika chakula kikiwa mezani. Mimi nimeelemea maelezo ya pili. Treni yangu ilikuwa inakwenda zamani. Mwadhini aliikuta njiani. Kigoma jua huchelewa kuchomoza kuliko Dar es Salaam, zaidi ya nusu saa, na kwa hiyo adhana ya alfajiri hutukuta kwenye usingizi ambao wenzetu wa pwani wameshauacha.

Na ni usingizi huo wa mwisho wenye ndoto nyingi. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walieleza kwamba kuna vipindi katika usingizi ambapo macho ya mtu aliyelala hukimbia huku na huko chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika vipindi hivyo, mara nyingi atakuwa na ndoto ya kusimulia. Vipindi hivyo hurudi baada ya kila dakika 90 hivi, na kadiri usiku unavyosonga huwa virefu zaidi. Wakati huo misuli ya mwili inalegezwa kiasi kwamba mtu hawezi kutenda anayoyaota, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohakiki na kuuliza "hili linawezekanaje," imepunguza kazi. Ndiyo sababu sikuuliza ziwa limefikaje Tabora. Aliyekuwa na kazi ya kuuliza alikuwa amelala kweli kweli.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo ndoto ilikuwa na haki nalo, nami nimelitambua leo asubuhi nikipiga mswaki. Treni iliyokuwa meli si uzushi. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam, na kutoka huko reli ikaileta kuelekea Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isitekwe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina tulilolizoea. Meli ile iliwahi kuwa mzigo wa treni. Baba alitusimulia hayo tukiwa wadogo, Tabora, mbali na ziwa lolote, na mimi nilimwelewa vibaya: kwa miaka kadhaa niliamini kwamba meli ilikuja ikitembea juu ya reli, ikiwa nzima, na bomba lake likitoa moshi juu ya miembe. Nilikuwa nimeisahau picha hiyo. Inaonekana ilikuwa imewekwa mahali.

Na ziwa kusogea hadi chini ya miembe nalo lina asili yake. Hapa Ujiji, mahali penye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871, palikuwa karibu na maji enzi hizo, kwa sababu ziwa lilikuwa juu zaidi kabla mto Lukuga haujajifungulia njia upande wa Kongo. Leo ukitoka mnarani, penye miembe yake, kwenda ufukweni ni mwendo wa miguu. Huwapeleka wanafunzi pale, na huwaambia kila mara, "Hapa tuliposimama, maji yalikuwa karibu." Nimelisema hilo mara nyingi mno bila kuliona. Jana usiku niliona.

Basi, ukitafuta hivyo, kila kipande unakipatia kwao: dagaa wa Kibirizi, insha za jana, hadithi ya baba, miembe ya mnarani. Lakini orodha ya vitu vilivyomo chunguni si ladha ya mchuzi. Kilichoifanya ndoto iwe ndoto ni ule mgeuko, kwamba kitu kinakuwa kingine bila kuacha kuwa chenyewe, na hicho ndicho kinachoyeyuka kwanza unapofumbua macho. Watu husema wamesahau ndoto. Mimi nadhani tunayasahau zaidi maungio yake, au kukosekana kwa maungio, halafu tunabaki na vipande ambavyo tunaviunga kwa kamba tuliyo nayo.

Nilipozinduka nilifanya jambo nililoazimia siku nyingi. Nilichukua daftari lililo chini ya mto na kuandika gizani, bila kuwasha taa, nisimwamshe mtoto. Nilijiona hodari. Otto Loewi, mtaalamu aliyezaliwa Ujerumani ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936, aliwahi kuzinduka usiku mmoja na wazo la jaribio juu ya moyo wa chura, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akalala; asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata wazo lilimrudia, na safari hii hakuandika, alivaa akaenda maabara. Nilikuwa naijua hadithi hiyo na bado niliandika gizani. Daftari lina mistari minne. Wa kwanza unasema "stesheni maji". Wa pili, "karatasi zimelowa somo gani". Wa tatu, "baba kijana taa". Wa nne una neno moja linaloanza na herufi "t", kisha mwandiko unapanda juu ya mstari wa tatu na kuuparamia, na baada ya hapo hakuna mwanadamu anayeweza kuusoma.

Nilitoka nje. Mama mkubwa alikuwa ameshaswali na ameketi kwenye kibaraza akichambua mchele wa vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Nimeota ndoto, mama."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Heri inshallah," akasema, kama isemwavyo kabla ndoto haijafunguliwa kinywa, na akaniashiria niketi. Mama mkubwa si mtu wa kuchezea jambo hili. Alisoma chuoni kwamba ndoto ni za aina tatu, njema inayotoka kwa Mwenyezi Mungu, mbaya ya shetani, na ile ambayo nafsi inajizungumzia yenyewe, na kwamba mbaya haisimuliwi kwa mtu; unatema mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, unaomba kinga, unageukia ubavu wa pili. Aina ya tatu anaiita ndoto ya shibe, na ninapomweleza jambo lolote la ubongo na usingizi huniambia kwamba hayo yote yapo katika ile ya tatu.

Nilimsimulia. Na nilimsimulia vizuri, hapo ndipo lilipo tatizo. Nilikuwa Tabora, nikasimamia mtihani, nikapanda treni, treni ikaingia ziwani, nikamwona baba, adhana ikanizindua. Kila nilipofika mahali penye mwanya, ulimi ulitia "ka" na mwanya ukajaa. Nilisikia hadithi ikinyooka mdomoni mwangu na nikaona raha, raha ya fundi. Hata nilimwambia kwamba treni iliteremka mlima kabla ya kuingia majini. Hakukuwa na mlima. Lakini treni ya kuja Kigoma hukaribia ziwa ikiteremka kati ya vilima, basi hadithi ilihitaji mlima, nikaupa.

Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Marehemu alikupa kitu, au alichukua kitu kwako?"

Nililijua swali hilo tangu utoto. Katika hesabu ya mama mkubwa, maiti akikupa kitu ndotoni ni riziki inakuja. Akichukua kitu, au ukimpa wewe, jambo hilo linataka sadaka na dua na mtu wa kulifikiria usiku. Alikuwa ananitazama. Mwezi uliopita alilazwa siku nne kwa ajili ya shinikizo la damu, na tangu arudi nyumbani tumekuwa tukimpa habari nyepesi.

"Alinipa tiketi," nikasema.

"Tiketi ya namna gani?"

"Zile za zamani, mama. Za kadibodi, ndogo, za kahawia."

"Alhamdulillahi," akasema, na mikono ikarudi kwenye ungo.

Sijui nilifanya nini pale. Nikisema nilidanganya, nitakuwa najionea, maana wakati neno "tiketi" lilipotoka niliiona tiketi: niliiona kona yake iliyotobolewa, niliona kidole gumba cha baba. Na sasa, saa nane mchana, naiona bado, kwa uwazi ule ule ninaoiona shingo yake. Vitu hivyo viwili vimekaa bega kwa bega katika kumbukumbu yangu na havina alama ya kuvitofautisha. Labda tiketi ilikuwamo na swali ndilo lililoifichua. Labda ilizaliwa kibarazani, kati ya swali na jibu, kwa sababu mzee alikuwa anaihitaji. Neno la mstari wa nne linaanza na "t". Linaweza kuwa "tiketi". Linaweza kuwa "taa", nililokwisha kuliandika juu yake, au "treni", au "Tabora". Nimeliinamishia daftari dirishani, nimeligeuza nyuma ya karatasi na kulisoma dhidi ya mwanga, nimejaribu hata kufumba macho na kuliandika upya gizani nione mkono utakwenda wapi. Mkono uliandika "tiketi", lakini mkono huo tayari ulikuwa umeshasikia mazungumzo ya kibarazani.

Lugha yetu inatumia kitenzi kimoja, kuota, kwa mbegu na kwa mtu aliyelala. Huwa naona ni bahati tu ya maneno kugongana, na siwezi kudai zaidi ya hapo. Ila leo nimekuwa nikifikiri kwamba mbegu nayo huota ikiwa imeshafukiwa, mbali na macho, na kwamba tunachokiona sisi juu ya udongo ni kitu kingine.

Mama mkubwa alipika vitumbua vingi kuliko kawaida. Alituma sahani kwa watoto wa madrasa, sahani kwa jirani wa kulia na sahani kwa jirani wa kushoto ambaye hawajasalimiana naye tangu mfungo wa Ramadhani, jambo ambalo lilitushangaza wote. Alikuwa na furaha. Nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba shemeji yake amekuja usiku na hakuja mikono mitupu.

Mchana huu, nilipokuwa nimeketi chumbani na daftari, mjukuu wake aliingia kutafuta sare yake ya shule ya kesho. Aliniuliza ninaandika nini. Nikamwambia naandika ndoto niliyoiota usiku.

"Ulikuwa unaongea, shangazi."

"Lini?"

"Usiku. Mara ulikuwa unaongea, mara ulinyamaza."

Sikumrekebisha. Nilimwuliza kama alisikia nilichosema, nikidhani atataja mtihani, au jina la Tabora. Alisimama na soksi moja mkononi, akakunja uso kama afanyavyo akikumbuka hesabu za kuzidisha.

"Ulisema, 'Shikamoo.' Halafu ukasema, 'Sina chenji, chukua yote tu.'"

Nilimwuliza nilikuwa namwambia nani. Akasema hakuona mtu. Kutoka nje nilisikia sauti ya mama mkubwa akicheka na yule jirani wa kushoto, na harufu ya vitumbua ilikuwa bado imo ndani ya nyumba. Nikamwomba mtoto, kwa leo tu, asimwambie bibi yake.